Majina manne juu ya wimbo mmoja

London

Mdogo wangu mpenzi,

Asalaam alaykum. Natumai waraka huu utakukuta mzima, wewe na wote hapo nyumbani. Mimi huku sijambo, kazi inaendelea na baridi imeanza kupungua. Wape wazee shikamoo zangu, kila mmoja kwa jina lake, na mama mwambie nitampigia simu Ijumaa baada ya sala.

Barua yako nimeisoma zaidi ya mara moja. Unasema bendi yenu ya watu wanne inataka kuvunjika, na sababu si fedha, maana fedha bado hamjaziona. Mnagombania jina la nani liandikwe chini ya wimbo. Kisha, kama mtu aliyebadilisha mazungumzo, ukaniomba nikuandikie historia ya Queen, ile bendi ya roki ya Uingereza, kwa kuwa nakaa mji walikoanzia. Mimi naona maombi hayo mawili ni ombi moja, nami nitayajibu kwa pamoja.

Wengi wakiwasimulia Queen huhesabu nyimbo zilizoshika nambari moja na viwanja vilivyofurika. Mimi nimekua na nyimbo zao tangu kanda za baba, na kadiri ninavyosoma habari zao ndivyo ninavyozidi kuamini kwamba nyakati zao kubwa ni zile walizokaribia kuachana wasiachane. Kwa hiyo historia nitakayokupa imepinda kidogo. Mambo ambayo wengine wanayaimba nitayapita mbio, na mambo madogo ya ndani nitakaa nayo.

Nianze na la kwetu. Freddie Mercury, mwimbaji wao, alizaliwa Unguja tarehe 5 Septemba 1946, jina lake Farrokh Bulsara, mtoto wa Bomi na Jer, Waparsi wenye asili ya India. Baba yake alikuwa mshika fedha wa mahakama katika serikali ya Mwingereza. Alipofika umri wa miaka minane hivi akapelekwa shule ya bweni Panchgani, India, na huko akapiga piano katika kikundi cha wanafunzi kilichoitwa The Hectics. Alirejea Unguja 1963. Mwaka uliofuata, baada ya Mapinduzi, familia ikahamia Uingereza na kupata nyumba Feltham, magharibi ya London, si mbali na uwanja wa ndege wa Heathrow. Nyumba ile nimekwenda kuiona kwa nje. Ni nyumba ya kawaida kabisa katika safu ya nyumba, na ukutani kuna kibao cha buluu kilichowekwa na English Heritage mwaka 2016.

Lililonigusa pale ni jambo jingine. Mitaa michache kutoka hapo, miaka ile ile, kijana aitwaye Brian May alikuwa nyumbani kwao anachonga gita na baba yake kwa sababu hawakuwa na uwezo wa kununua la dukani. Shingo ya gita waliichonga kutoka kwenye ubao wa mahogani uliokuwa juu ya meko ya zamani. Vidoti vya shingoni ni vifungo vya lulu vilivyotoka kwenye sanduku la ushonaji la mama yake. Springi zilitoka kwenye injini ya pikipiki kuukuu. Walianza 1963 na kazi ikawachukua kama miaka miwili. Gita hilo ndilo analolipiga hadi leo, na analipiga kwa sarafu ya peni sita. Freddie na Brian waliishi Feltham ile ile wasijuane.

Walijuana kupitia mtu wa tatu. Mwaka 1968 Brian, mwanafunzi wa fizikia Imperial College, alianzisha bendi ya Smile pamoja na Roger Taylor, mwanafunzi wa udaktari wa meno aliyepiga dramu, na Tim Staffell, aliyeimba na kupiga besi. Staffell alisoma chuo cha sanaa cha Ealing, na Freddie alisoma hapo hapo, michoro na usanifu wa picha. Freddie akawa anafuatana na Smile kila wanakopiga, akiwaambia wavae vipi na wasimame vipi jukwaani. Staffell alipoondoka 1970, Freddie akashika nafasi ya kuimba, akaleta jina la Queen, akajibadilisha na jina la ukoo kuwa Mercury. Alama ya bendi aliichora mwenyewe kwa nyota zao za kuzaliwa: simba wawili, kaa, na vidosho wawili wenye mabawa, juu yao ndege wa hadithi aitwaye finiksi. Mchana yeye na Roger walikuwa wakiuza nguo katika soko la Kensington.

Kisha kukawa na tatizo la besi. Wapiga besi watatu walipita katika muda usiofika mwaka. Mwanzoni mwa 1971 wakakutana na John Deacon wa Leicester, miaka 19, mwanafunzi wa elektroniki, mkimya sana. Watu wengi wakitaja Queen humsahau huyu, na wewe ndugu yangu ni mpiga besi, kwa hiyo nataka umtazame kwa makini. Wale watatu wote walikuwa wasemaji na kila mmoja anataka lake. Deacon alikaa pembeni, akapiga kinachotakiwa, akatengeneza vyombo vilivyoharibika. Kuna siku aliokota kipande cha saketi kwenye pipa kubwa la taka mtaani, akakifunga ndani ya kisanduku cha spika, akakitia betri, kikawa amplifaya ndogo. Brian alipounganisha gita lake humo ikatoka sauti laini, ya kuimba. Akawa analirekodi gita hilo hilo tena na tena, sauti juu ya sauti, mpaka ukisikiliza unadhani kuna fidla na tarumbeta. Sehemu nyingi za nyimbo za Queen unazodhani ni okestra ni takataka ile ya John.

Albamu ya kwanza waliirekodi katika studio za Trident saa zile ambazo studio haina mteja anayelipa. Ikatoka Julai 1973 na haikutikisa watu. Ya pili, Machi 1974, ikawapa Seven Seas of Rhye, wimbo wao wa kwanza kuingia kumi bora za Uingereza. Wakaenda Marekani kufungulia jukwaa bendi ya Mott the Hoople. Huko Brian akashikwa na homa ya ini na ziara ikakatika. Alipopata nafuu akaumwa tena, safari hii vidonda vya tumbo, akalazwa. Wenzake walikuwa wameshaanza albamu ya tatu.

Hapa, mdogo wangu, ndipo ninapoona Queen ilipozaliwa hasa. Brian ameshaeleza mwenyewe jinsi alivyolala hospitali akiogopa kwamba watatafuta mpiga gita mwingine, na kibiashara wangekuwa na sababu, maana studio inadai na kampuni inangoja. Hawakutafuta. Walirekodi piano, besi, dramu na sauti, wakaacha nafasi tupu ndani ya nyimbo pale gita linapotakiwa kuingia, wakamngoja mgonjwa apone aje ajaze. Albamu hiyo, Sheer Heart Attack, ilitoka Novemba 1974, na wimbo wake Killer Queen ukafika nambari mbili. Usikilize tena pale gita linapochukua katikati. Ni wimbo wa Freddie, lakini nafasi ile hakuigusa mtu mpaka mwenyewe arudi.

Pamoja na hayo, mfukoni hawakuwa na kitu. Mkataba waliotia saini mwanzoni uliwafunga kwa kampuni moja iliyosimamia kila jambo lao, ikawa wimbo uko juu ya chati nao wanalipwa kijimshahara cha wiki. Mwaka 1975 walienda Japani wakapokewa uwanja wa ndege wa Tokyo na maelfu ya vijana wanaopiga kelele, wakarudi London kwenye vyumba vya kupanga. Ikabidi waajiri mwanasheria. Kujitoa kuliwagharimu pauni 100,000 pamoja na asilimia 1 ya mapato ya albamu sita zilizofuata. Meneja mpya akawa John Reid, aliyekuwa pia meneja wa Elton John. Naomba usome mkataba wowote mtakaoletewa, mstari kwa mstari, na usiutie saini siku uliyoletewa.

Walipotoka hapo hali ilikuwa hivi: albamu ya nne ikianguka, basi wameanguka wote. Ndipo wakafanya Bohemian Rhapsody. Unaijua, sina haja ya kukuimbia. Freddie alikuwa nayo kichwani vipande vipande, akawa anawaambia wenzake hapa tusimame, hapa ndipo opera itakapoingia. Walianzia Rockfield, Wales, na kumalizia katika studio nyingine kadhaa. Sehemu ile ya kwaya ni watu watatu tu, Freddie, Brian na Roger, waliorundika sauti zao kwa wiki kadhaa, tabaka juu ya tabaka, mpaka utepe ukachakaa kwa kupitishwa mara nyingi kwenye mashine. Roger ndiye anayepanda zile noti za juu kabisa. Wimbo ulikuwa na dakika 5 na sekunde 55, nao watu wa kampuni walisema redio hazitapiga kitu kirefu hivyo. Mtangazaji Kenny Everett wa Capital Radio akapewa nakala, akaipiga mara 14 mwishoni mwa wiki moja. Ulitoka tarehe 31 Oktoba 1975 na ukakaa nambari moja Uingereza wiki tisa.

Sasa geuza sahani ya santuri. Upande wa pili wa sahani ile ndogo kuna I'm in Love with My Car, wimbo wa Roger kuhusu mapenzi ya gari. Inasimuliwa kwamba Roger alijifungia kabatini mpaka wenzake wakubali uwekwe hapo. Kwa nini mtu mzima ajifungie kabatini? Kwa sababu mtu akinunua sahani hununua pande zote mbili, na mtunzi wa upande wa pili hulipwa mirabaha, yaani malipo ya mtunzi, sawasawa na mtunzi wa upande wa kwanza. Kwa hiyo wimbo ambao redio hazikuupiga ulimletea Roger fedha kama zile za Bohemian Rhapsody. Brian na John, ambao jasho lao limo katika pande zote mbili, kwa utunzi wa sahani ile hawakupata hata peni. Ugomvi huo uliwakaa miaka mingi, na Brian ameusema hadharani. Mnayogombania nyinyi sasa hivi wao waligombania wakiwa na wimbo ulioshika nambari moja Uingereza. Nimeona nikuambie hivyo ili usidhani bendi yenu ina kasoro ya peke yake.

Miaka iliyofuata nitaipita mbio. Tarehe 18 Septemba 1976 walipiga bure Hyde Park mbele ya umati uliokadiriwa kuwa watu 150,000 au zaidi, na polisi wakawatishia kuwakamata wakirudi jukwaani baada ya muda kwisha. Mwaka 1977, Bingley Hall mjini Stafford, onyesho lilipomalizika watu hawakuondoka, wakaanza wao kuwaimbia wanamuziki. Brian na Freddie kila mmoja akaenda kuandika wimbo ambao hadhira nayo itakuwa na kazi ndani yake. Brian akaleta We Will Rock You, Freddie akaleta We Are the Champions. Ule mshindo unaousikia katika wimbo wa kwanza hauna dramu ndani yake: walikanyaga mbao studio, wakapiga makofi, wakarudufu sauti mpaka ikawa umati. Nyimbo hizo zilitoka Oktoba 1977 kwenye sahani moja, huu upande huu na ule upande ule. Safari hiyo hakuna aliyelazimika kujifungia popote.

Mwaka 1980 John Deacon, yule mkimya, akaleta Another One Bites the Dust. Besi ndiyo wimbo wenyewe. Michael Jackson aliusikia akawashauri wautoe peke yake, nao ukashika nambari moja Marekani, wa pili kufanya hivyo mwaka huo baada ya Crazy Little Thing Called Love wa Freddie. Machi 1981 wakapiga São Paulo, katika uwanja wa Morumbi, mbele ya watu 131,000 usiku wa kwanza. Mwishoni mwa mwaka huo ikatoka Greatest Hits, ambayo mwaka 2022 ilivuka nakala milioni 7 Uingereza, albamu ya kwanza kufika huko nchini humu.

Albamu hiyo ina nyimbo 17. Nimekuhesabia watunzi: Freddie 10, Brian 5, John 2. Roger hana hata mmoja. Watu wa kwetu hupenda kusema kwamba Queen ilikuwa mtoto wetu na wapigaji wake. Idadi hiyo inaweza kukufanya ukubali, mpaka utazame kilichofuata. Mwaka 1984 wimbo uliowarudisha juu baada ya albamu iliyowavunja moyo ulikuwa Radio Ga Ga, na mtunzi wake ni Roger Taylor. I Want to Break Free wa mwaka huo huo ni wa John. Kama mwaka 1981 wangesema Roger apige dramu tu, utunzi tuachiwe sisi, wangekosa ule wimbo ambao uwanja mzima wa Wembley uliupigia makofi mikono juu. Mwaka 2003 wote wanne waliingizwa katika Songwriters Hall of Fame kama watunzi, bendi ya kwanza kuingia nzima nzima.

Kabla ya Wembley kuna jambo ambalo sitalificha, na najua baba atataka kujua kama nimekwambia. Oktoba 1984 walikwenda kupiga Sun City, katika Bophuthatswana, ile nchi ya bandia iliyoundwa na makaburu. Wakati ule Umoja wa Mataifa ulikuwa umewataka wasanii waisusie Afrika Kusini, na nchi yetu ilikuwa mstari wa mbele kuwahifadhi wapigania uhuru. Wao walijitetea kwamba hawafanyi siasa na wanapigia watu wote. Chama cha wanamuziki cha Uingereza kikawatoza faini na jina lao likaingia katika orodha ya Umoja wa Mataifa. Nawapenda watu hawa na bado nasema walikosea, tena kosa zito, kwa sababu aliyelipa kiingilio pale alikuwa akilipia ubaguzi uonekane jambo la kawaida. Novemba 2003 Brian na Roger walisimama Cape Town katika tamasha la 46664 la Nelson Mandela la kupambana na UKIMWI, na mimi nilifurahi kuliona hilo. La 1984 halikufutika kwa hilo, lakini walijua wapi pa kusimama safari hiyo.

Kwa hiyo walifika 1985 wamechafuka jina na wamechokana. Studio ya Munich walikorekodi miaka ile ilikuwa mahali pa kununiana, mmoja anaingia mwingine anatoka. Brian, Roger na Freddie kila mmoja alikuwa na kazi yake ya pembeni. Ndipo likaja tamasha la Live Aid, tarehe 13 Julai, katika uwanja wa Wembley hapa London, la kuchangia waliokumbwa na njaa Ethiopia. Kila bendi ilipewa muda mfupi. Wengi walipanda na nyimbo zao mpya au wakapiga kwa kubahatisha. Queen walikodi ukumbi wa Shaw, karibu na King's Cross, wakafanya mazoezi ya zile dakika zao hadi wakajua kila sekunde iko wapi, wakachagua nyimbo ambazo kila mtu anazijua. Walipanda jua likiwa bado linawaka, hakuna taa za kuwasaidia, mbele ya watu 72,000. Dakika 21 hivi. Freddie alipoanza kuwatupia umati sauti nao wanamrudishia, hata wanamuziki wengine waliokuwa nyuma ya jukwaa walitoka kutazama.

Filamu ya 2018 kuhusu bendi hii inaonyesha kwamba bendi ilikuwa imevunjika na kwamba Freddie aliwaambia wenzake ugonjwa wake siku chache kabla ya Live Aid. Usiipokee hivyo. Walikuwa wametoka ziarani Japani miezi michache tu nyuma, na Freddie alipimwa akakutwa na VVU mwaka 1987. Ukweli ni mzuri kuliko filamu: watu wanne waliochokana walikaa chumba kimoja wakarudia nyimbo zile zile mpaka zikanyooka. Baada ya Wembley waliingia studio wakatoa One Vision, na chini yake pakaandikwa Queen, bila jina la mtu mmoja. Mwaka 1986 wakafanya ziara kubwa kuliko zote, ikamalizikia Knebworth tarehe 9 Agosti. Hawakujua kwamba ni onyesho la mwisho kwa wanne wao kupiga pamoja.

Na sasa nimefika kwenye jambo nililotaka kukuandikia tangu mwanzo. Walipokutana tena kutengeneza The Miracle, iliyotoka 1989, walikubaliana kwamba kila wimbo, awe ameuleta nani, utaandikwa umetungwa na Queen, na mapato yagawanywe sawa. Karibu miaka 20 tangu waanze! Brian anasema uamuzi huo ni miongoni mwa mema makubwa waliyopata kufanya, kwa kuwa siku ile mabishano ya studio yalibadilika. Kabla yake, mtu akitetea wimbo wake huwezi kujua anatetea muziki au anatetea mirabaha, na hata mwenyewe pengine hajui. Baada yake, swali likabaki moja: wimbo huu ni mzuri au si mzuri. Walioleta nyimbo nyingi walikubali kupungukiwa. Freddie ndiye aliyekuwa na nyingi kuliko wote.

Wakati huo alikuwa anaumwa, na wenzake watatu walijua. Magazeti ya hapa yalimwandama kila siku, nao walikana kila walipoulizwa, wakamkinga. Walihamishia kazi Montreux, Uswisi, walikokuwa na studio yao, mji mtulivu ambako hakuna aliyemfuata barabarani. Innuendo ilitoka Februari 1991. The Show Must Go On ni wimbo ambao kwa sehemu kubwa Brian aliujenga, na alikuwa na wasiwasi kama mgonjwa ataweza zile sauti za juu. Freddie aliziimba. Kisha akawaambia waendelee kumwandikia maneno, yeye ataimba chochote watakachompa, wao watamalizia baadaye. Mei 1991 alirekodi Mother Love, beti moja baada ya nyingine, akifika ubeti wa mwisho akasema amechoka, ataumalizia akirudi. Hakurudi. Tarehe 23 Novemba 1991 alitangaza kwamba ana UKIMWI, na kesho yake jioni akafariki nyumbani kwake Kensington, umri wake miaka 45. Mazishi yake yalisimamiwa na makasisi wa Kizoroastria, kwa dini ya wazazi wake.

Mother Love ulitoka 1995 katika albamu ya Made in Heaven. Ubeti wa mwisho anauimba Brian. Miaka 21 kabla yake wao walimwachia Brian nafasi akiwa hospitali. Sijui kama yeye aliliwaza hilo aliposimama mbele ya maikrofoni, lakini mimi siwezi kuusikia wimbo huo bila kuliwaza.

Yaliyobaki unayajua. Tarehe 20 Aprili 1992 Wembley ilijaa tena kwa tamasha la kumuaga, na kutokana nalo ukaanzishwa mfuko wa Mercury Phoenix Trust unaosaidia mapambano dhidi ya UKIMWI duniani. John alistaafu 1997, na ametulia kimya kama alivyoanza. Brian alirudi Imperial College kumalizia udaktari wake wa falsafa katika fizikia ya anga alioutupa kwa ajili ya muziki, akaupata 2007. Yeye na Roger walipiga kwanza na Paul Rodgers, halafu na Adam Lambert, ambaye hajaribu kumuiga Freddie, na ndiyo maana namkubali.

Kwa hiyo, kuhusu ugomvi wenu. Msingoje miaka 20. Kaeni wanne, mwandike karatasi: nyimbo zote jina la bendi, mapato robo robo, na wote mtie saini. Anayeleta nyimbo nyingi ndiye atakayepinga, na kutokana na ulivyoniandikia nadhani huyo ni wewe. Wewe ndiye wa kulitoa pendekezo hilo, si mwenzako mwingine, maana likitoka kwa yule mpiga dramu asiye na wimbo hata mmoja litaonekana la kujipendelea. Kabla ya kikao wasikilizishe Killer Queen, kisha Another One Bites the Dust, kisha Radio Ga Ga, kisha Mother Love, kwa mpangilio huo, uwaambie kila wimbo umetoka kwa nani na nani alimngoja nani. Halafu niandikie mlichoamua, na kama mmerekodi chochote nitumie, hata kama bado kibichi.

Nisalimie wote.

Dada yako akupendaye